Kusoma kwa Zamu

Jumapili, 2 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kaa kwanza. Najua unasoma barua ukiwa umesimama, miwani imening'inia puani, lakini hii kaa.

Nimeondoka kwa yule bwana. Hakunipiga wala hakunifukuza. Tulikuwa tunaishi kama wapangaji wawili wasiosalimiana, na juzi nilipokuwa nakunja nguo nikajikuta nazikunjia moja kwa moja ndani ya begi. Alikuwa sebuleni anatazama mpira. Aliponiona napita na begi akaniuliza kama nitapitia dukani, nimletee sigara.

Sasa nalala kwa rafiki yangu mshonaji, chini ya meza anayokatia vitambaa. Kutwa nzima napima majengo ya watu, dirisha liwe hapa, mlango uwe pale, halafu jioni sina hata pa kunyoosha miguu. Nikigeuka nagonga kichwa. Nikikohoa naamsha mtoto wa watu.

Mkandarasi wetu amepata kazi karibu na huko kwetu, itaanza mwezi wa tano. Naweza kutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni kama binadamu wengine. Chumba changu bado kipo? Kile cha nyuma, kinachotazamana na ukuta wa maktaba yako. Sitaki kingine. Ukinikubalia nitakuja mwisho wa mwezi huu.

Wenzangu kazini wananicheka, eti mtu ana simu mfukoni na bado analamba stempu. Nimewaambia kwamba kwa shangazi yangu simu ni ya misiba, na hili bado si msiba.

Mwanao,
Kiguu na Njia


Jumapili, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nilikaa kama ulivyoagiza, nikasoma, nikasimama, nikakaa tena. Sikupi pole ya uongo. Yule bwana sikumpenda tangu siku ya harusi, nilinyamaza tu kwa heshima ya nguo niliyoshonewa. Marehemu baba yako angekuwepo angekwenda kukubebea begi mwenyewe. Umetoka mzima na akili zako, tushukuru.

Kuhusu chumba, ngoja kidogo. Kina unyevu, na sitaki uje kuugua kifua mikononi mwangu. Vumilia hapo kwa mshonaji, na umpe salamu zangu.

Sasa sikiliza. Wanakuja! Barua ambazo nimeandika mpaka vidole vikaota sugu zimejibiwa. Tarehe kumi na nne wakaguzi wanakuja kutazama kama maktaba yetu inastahili kukarabatiwa na kupanuliwa.

Wewe unaikumbuka ilivyokuwa zamani, ukilala juu ya meza bila mtu wa kukugombeza. Mji umekua, mwanangu, na chumba ni kile kile kimoja kilichokuwa ghala. Siku hizi tunasoma kwa zamu. Nikigonga kengele, waliokaa wanasimama na waliosimama wanakaa. Watoto wako chini ya meza. Watu wameshazoea, hakuna hata anayenung'unika. Mzee wa Posta, yule mstaafu, juzi alikuwa kwake amekaa anakunywa chai, saa ya ukutani ikalia, akasimama na kikombe chake. Mkewe akadhani kuna mgeni mlangoni. Dari inavuja, na ukuta wa nyuma unatoka jasho. Ukiegemeza kitabu pale wiki moja, kinaota ukungu.

Lakini mgeni ni mgeni. Hawezi kutoka huko atokako aje akute ndoo katikati ya nyumba. Nimeshapata chokaa, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho watanisaidia kupaka. Niombee.

Shangazi yako,
Bi Shii
(Jina hilo wamenibandika wasomaji kwa kuwanyamazisha kwangu. Barua ya serikali nusura niisaini hivyo.)


Alhamisi, 13 Machi

Shangazi,

Shikamoo ya mbio mbio. Barua yako imenifikia leo, naandikia juu ya tofali na gari la posta linakaribia kupita.

Usipake chokaa! Kama umeshapaka, banduabandua. Ndoo ziache palepale, na kama kuna nyingine stoo ziongeze. Shangazi, mkaguzi si mkwe. Huyo kazi yake ni kuona ubovu, na asipouona anaandika kwamba haupo. Mimi nafanya kazi na watu hao, nawajua. Waite wasomaji wote siku hiyo, waje na ndugu zao. Akikuuliza shida, mwanzishie darini umshushe mpaka kwenye msingi.

Na huo unyevu wa chumbani haunitishi. Nimelala kwenye vibanda vya mabati, nimelala ndani ya lori la kokoto. Nitakuja na chokaa yangu mwenyewe nikipake, mradi nijue kuna mahali naweza kuweka begi chini na lisihame tena. Nijibu hilo kwanza.

Kiguu na Njia


Jumamosi, 15 Machi

Mwanangu,

Laiti ungekuwepo! Mambo yamekwenda vizuri mno, hata sijui nianzie wapi.

Ukuta mweupe, sakafu inang'aa. Ndoo tulizificha nyuma ya choo. Mapazia niliazima kwa mke wa daktari. Mzee wa Posta alivaa suti aliyostaafia, akasimama mlangoni kama ndiye anayeozesha. Kuhusu watu nilitumia akili. Nusu niliwaambia wabaki makwao siku hiyo, watoto wakacheze mpira, ili wageni wapate hewa. Chumba kilipumua, mwanangu. Ni miaka mingi sijaona viti vitupu humo.

Walikuwa watatu. Mkuu wao mtu mrefu, mpole, ana kalamu mbili mfukoni. Akasimama katikati, akageuka huku na huku, akasema, "Mama, pamependeza hapa." Machozi yalinilenga. Chai walikunywa, wakaongezwa, wakanywa tena. Ndipo akaniuliza, "Haya mama, mna shida gani?"

Sasa mtu kaondoka kwake alfajiri, kikombe bado kiko mkononi, nimwanzie na dari? Nikamwambia, "Hatuna shida, tupo salama, karibuni tu." Akacheka, akaandika. Naona nilimgusa. Shida zenyewe zimo zote kwenye maombi, atazisoma ofisini kwake kwa utulivu.

Chumba chako bado, mwanangu. Sasa naona kuna na panya.

Shangazi yako,
Bi Shii


Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Majengo ya Umma
Ijumaa, 28 Machi

Kwa Mkutubi,

KUHUSU: MAOMBI YA UKARABATI NA UPANUZI WA MAKTABA

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Ukaguzi umefanyika na matokeo yake ni haya yafuatayo. Kuta zimepakwa chokaa na ziko katika hali nzuri. Hakuna dalili ya dari kuvuja. Zaidi ya nusu ya viti vilikuwa vitupu wakati wa ukaguzi. Vitabu vinaenea katika rafu zilizopo, na nafasi inabaki. Aidha, Mkutubi mwenyewe alipoulizwa mbele ya mashahidi alithibitisha kwamba hakuna shida.

Kwa sababu hizo maombi yamekataliwa. Kwa kuwa wasomaji ni wachache, ofisi inashauri maktaba ifungwe saa za alasiri ili kupunguza gharama.

Endapo hukuridhika, unaruhusiwa kuomba ukaguzi wa pili ndani ya mwezi mmoja.

Ofisi inatoa shukrani kwa mapokezi.

Mkaguzi Mkuu


Alhamisi, 3 Aprili

Mwanangu,

Nakutumia nakala ya barua yao. Isome, halafu kama ni kucheka cheka huko huko ulipo.

Barua yako ya kunikataza chokaa ilinifikia wageni wameshaondoka. Niliisoma nikasema huyu mtoto anajitia ujuzi. Niwie radhi. Nimelia, nimejitukana, nimeikunja barua yao nikaitupa, nikaiokota nikaipiga pasi.

Mvua imeanza. Chokaa yote iko chini, inatoka vipande vipande. Jana maji yalichuruzika juu ya taa, ikabidi nizime umeme, na wanafunzi wa mtihani wakasomea mlangoni wamebanana, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza. Halafu mtu ananiandikia "wasomaji ni wachache". Wachache! Kumbe ni mimi mwenyewe niliyewafukuza siku ile kwa mdomo wangu huu.

Wakinifungia alasiri, wale wanaotoka shule watasoma wapi? Makwao hakuna taa wala hakuna kimya. Mtihani unakuja. Siwezi kukaa, natembea humu ndani mpaka wasomaji wananiambia "shii" mimi.

Wewe unajua lugha ya watu wa kupima. Niandikie la kusema. Ila usije mwenyewe, nyumba haikaliki.

Bi Shii


Jumanne, 8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sikucheka. Sawa, nilicheka kidogo kwenye "shukrani kwa mapokezi", halafu nikashikwa na hasira.

Fanya hivi. Omba ukaguzi wa pili leo hii. Usisafishe chochote, hata kikombe. Siku wakija hakuna kubaki nyumbani, wote waje, na kengele igongwe kama kawaida. Chai wape wakimaliza kazi, si kabla. Na neno "karibuni" lifunge kabatini siku hiyo.

Kuna kitu kimoja hakiniingii akilini. Wameandika kwamba vitabu vinaenea na nafasi inabaki. Mimi nilipoondoka kuolewa ulikuwa unapanga vitabu juu ya madirisha, na tangu hapo umekuwa ukipokea vingine kila mwaka. Vimekwenda wapi? Watakuuliza, uwe na jibu.

Sasa langu. Nimekuomba chumba, ukasema unyevu. Nikasema si kitu, ukaniletea panya. Sasa nyumba nzima haikaliki, na wewe unaikalia. Wiki iliyopita dereva wetu alipita huko kwetu, nikamwelekeza nyumba ili akupe salamu. Hakukukuta. Lakini anasema taa ya chumba cha nyuma ilikuwa inawaka na alisikia watu wakiongea humo ndani, wanaume kwa wanawake.

Kama umempangisha mtu chumba changu, niambie. Sitakulaumu, una haki na nyumba yako. Kama unaona aibu kukaa na mwanamke aliyeacha ndoa, niambie hilo pia. Ila usinizungushe. Mshonaji ameanza kuniuliza kwa upole nitahama lini, na mtu akikuuliza kwa upole ujue umeshamchosha.

Nilikulia humo. Sikujua kama siku moja nitabisha hodi kwa barua na nisijibiwe.

Mwanao


Jumapili, 13 Aprili

Mwanangu,

Sijampangisha mtu. Na aibu niliyonayo si yako hata chembe. Ukisema tena maneno hayo nitakuja huko nikuvute sikio mbele ya mafundi wako.

Kuna jambo siwezi kuliandika. Barua hupotea, hufunguliwa, na hili likifika mahali pasipofaa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nakuomba uniamini siku chache tu.

Wamekubali kuja tena tarehe ishirini na moja. Sitasafisha. Naapa sitasafisha, ingawa mkono unaniwasha.

Shangazi yako


Jumatano, 23 Aprili

Mwanangu,

Soma hii taratibu. Safari hii naandika yote, kwa sababu hakuna tena cha kuficha.

Walikuja Jumatatu na mvua. Ndoo zilikuwa kazini. Watu walijaa mpaka barazani. Mkaguzi Mkuu aliingia na viatu vyake vizuri akakanyaga dimbwi, na mimi nikanyamaza, ulimi nimeung'ata. Akaona kiti ambacho mtu ameinuka kurudisha kitabu, akataka kukaa. Mzee wa Posta akamgusa begani, "Samahani bwana, zamu yako bado." Ilikuwa dakika yenyewe ya kengele. Nikagonga, waliokaa wakasimama na waliosimama wakakaa, yeye akabaki katikati na kalamu zake mbili, anageuka kutafuta mahali pa kuweka miguu. Chini ya meza mtoto akamwambia, "Babu, unanikanyagia ukurasa."

Basi akatazama kila kitu. Akagusa ukuta wa nyuma, mkono ukatoka maji. Nikadhani tumeshinda. Mwisho akaja kwangu, akasema kwa upole ule ule, "Mama, ukarabati wa paa nitaupendekeza. Upanuzi siwezi. Fedha za upanuzi hutolewa vitabu vinapozidi jengo, na rafu zako hizi zina mapengo. Watu wakizidi, kanuni inasema ongeza zamu."

Zamu, mwanangu! Nikachukua ufunguo mezani. Nikamwambia, "Nifuate."

Tulivuka kichochoro, mvua inatupiga, tukaingia kwangu. Nikafungua chumba chako.

Vimo humo. Nusu ya maktaba imo humo. Ilianza ule ukuta ulipoanza kutoa maji, mwaka ule ule ulioolewa. Nilichukua maboksi mawili nikasema yakae mpaka kiangazi. Kiangazi hakikukausha kitu. Nikaleta mengine. Halafu wasomaji wakawa wananiuliza kitabu fulani, nakimbia kukileta, nakimbia kukirudisha, miguu ikachoka, nikasema basi njoo usomee humu humu. Akaja mmoja, akaja na mwenzake. Dereva wenu aliwasikia hao. Kitanda chako kiko mle, juu yake vimekaa vitabu vya sheria, vizito mno. Chumba changu nacho kilijaa mwaka jana. Mimi nalala jikoni.

Kanuni inasema mali ya maktaba hailali nje ya maktaba, na mtumishi akikutwa nayo nyumbani ni wizi. Ndiyo maana sikukuandikia. Ndiyo maana nilikuzungusha na panya wangu wa uongo. Kila barua yako ikija nilikuwa naingia mle, nasema leo nitatoa vitabu, mtoto arudi. Kisha natazama ukuta ule unavyotoka jasho, naona nitavipeleka kufa. Nikachagua, mwanangu. Nilichagua vitabu, nikakuacha chini ya meza ya watu. Niliumia, lakini nilichagua, na sitaki kukudanganya kwamba sikuchagua.

Mkaguzi alihesabu maboksi kutoka mlangoni. Walikuwemo wasomaji, hawakuinua hata vichwa. Akaniuliza, "Na wewe unalala wapi?" Nikamwonyesha. Akaandika kurasa na kurasa. Alipomaliza akasema ataandika upanuzi, na akasema pia kwamba hana budi kuandika alichokiona humo.

Kesho naitwa jijini kujieleza mbele ya kamati. Nitakuwa kwenye ile nyumba ya wageni iliyo mkabala na ofisi zao. Ufunguo wa nyumba yetu anao Mzee wa Posta. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kukasirika, una haki.

Shangazi yako


Jumapili, 27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika nikakukosa. Nilikuja na lori la saruji, begi langu juu.

Mzee wa Posta alinipa ufunguo, akanipa na karipio kwa kukaa muda mrefu bila kuja. Nilipofungua mlango wa chumba changu nikakuta wasichana wawili wamekaa sakafuni na ramani ya mito. Waliingilia dirishani. Mmoja akaniuliza, "Dada, umekuja kusoma nini?" Nikasema nimekuja kulala. Akasogeza miguu, akanionyesha kipande cha sakafu kati ya kilimo na uhasibu.

Nimekasirika, Shangazi. Nimekasirika siku mbili mfululizo. Nilikaa jikoni kwako, nikaona lile godoro lako jembamba karibu na jiko na kandambili zako zimepangwa chini, nikakasirika zaidi. Miezi yote hii nimekuwa nikijiambia hunitaki. Nilikuwa nalala chini ya ile meza nahesabu makosa yangu, nikitafuta ni lipi limekuchukiza. Kumbe umeupa mji mzima chumba changu bila kuniuliza, na ungeniuliza ningesema ndiyo. Hilo ndilo linaloniuma. Ningesema ndiyo siku ile ile, halafu nikaja kulala na wewe hapo jikoni.

Jumamosi asubuhi wasomaji walibisha hodi, nikaona foleni mpaka kichochoroni. Nikafungua. Nimegonga sufuria badala ya kengele, na imekubalika.

Mchana nilichukua kamba yangu nikaenda kupima ule ukuta wa nyuma. Umeinama. Ungevirudisha vile vitabu, ungevizika, na wewe mwenyewe juu yake. Nimeandika vipimo vyote, nimechora na chumba kipya kinavyoweza kukaa upande wa bondeni, madirisha mapana, sakafu iliyoinuliwa juu ya maji ya mvua. Nimekupelekea nakala humu ndani ya bahasha. Waonyeshe hao kamati. Waambie imepimwa na mtu wa kazi, na mtu huyo anatia saini yake.

Wakikuuliza kwa nini ulichukua mali ya umma ukaiweka nyumbani, tafadhali usiseme tupo salama.

Nakusubiri hapa. Siondoki.

Mwanao


Ijumaa, 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma barazani kwao nikisubiri kuitwa. Karani aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepata mtoto.

Niliingia. Walikuwa watano na meza ndefu. Michoro yako niliitandaza mbele yao kabla hawajaniambia nikae. Yule wa kalamu mbili aliisogeza kwake, akafuata vipimo kwa ncha ya kalamu, akauliza aliyechora ni nani. Nikasema ni mwenye chumba.

Hawakunipa chai, na mimi sikuwakaribisha. Nilianzia darini nikashuka mpaka kwenye msingi, kama ulivyonifundisha.

Wamepitisha. Ukuta wa nyuma utabomolewa mwezi ujao, na chumba kipya kitajengwa upande ule ule uliouchora, kikubwa kuliko cha zamani. Kila anayekuja atakaa kwenye kiti chake mpaka amalize kitabu chake. Nililisikia hilo kwa masikio yangu, nikawaomba walisome tena.

Na mimi wameniachisha kazi. Kanuni ni kanuni, wamesema, na mali ililala nje. Mkutubi mpya ataanza wiki ijayo, kijana, wamesema ana vyeti vizuri. Nilidhani ningelia mbele yao. Sikulia. Nilisubiri kufika chumbani kwenye nyumba ya wageni.

Ila nilipokuwa nakaribia mlango wa kutokea, yule Mkaguzi Mkuu akaniita nirudi. Amekunjua uso, anatafuta maneno. Anasema ujenzi utachukua mwaka au zaidi, na hawana mahali pakavu pa kuweka vitabu wakati huo. Je, ningekubali vibaki hapo vilipo, nyumbani kwangu, kwa muda, kwa maandishi na mhuri? Mwanangu, walikuwa wamenifukuza kwa sababu ya chumba kile hata wino haujakauka, na sasa wanakiomba. Nikasema chumba si changu, nitamuuliza mwenyewe.

Basi nakuuliza. Ukikataa nitawaandikia kesho, wavitoe, na utapata kitanda chako. Safari hii sichagui mimi.

Ukikubali, basi tuna jikoni tu na lile godoro langu, nalo unajua upana wake, umeshalipima kwa macho. Tutalala mzungu wa nne, kichwa chako huku na changu kule, na miguu yako niliyoiosha tangu utoto itakuwa usoni pangu. Nitafika Jumapili alasiri. Nisogezee nafasi.

Shangazi yako